Tarehe ya meinfremu ikikosewa: kwa nini unafungiwa, na kwa nini kuirudisha tu hakutoshi

Malalamiko ya kufungiwa akaunti kwenye meinfremu, ile kompyuta kubwa ya kazini, yameongezeka na wengi mnaandika "tumehakiwa", yaani tumedukuliwa. Hapana jamani. Mara nyingi hakuna mdukuzi aliyeingia, ni tarehe ya mfumo imeruka mbele, iwe kwenye majaribio ya tarehe au opereta kakosea mwaka wakati wa kuwasha mashine.

RACF, programu ya usalama ambayo ni bawabu wa meinfremu za IBM tangu 1976, kila ukijaribu kuingia inaangalia mara ya mwisho uliingia lini inalinganisha na tarehe ya leo. Tuseme kikomo cha kutotumia akaunti ni siku 90. Uliingia jana, lakini mashine inasema leo ni mwaka ujao, basi kwa hesabu yake umepotea mwaka mzima na inakufungia hapohapo. Ambaye hakujaribu kuingia siku hiyo anapona, ndo maana mmoja kafungiwa na jirani yake anaendelea na kazi. Msidhani kuna upendeleo.

Sasa hapa ndo pagumu, na tumeshasema mara nyingi: kurudisha tarehe hakukufungulii. Kufungiwa kumeshaandikwa kwenye databesi na kunabaki. Paswedi nayo hivyohivyo, kama mfumo ulikulazimisha kubadili kwa vile eti imeisha muda, ile mpya ndiyo inayofanya kazi hata tarehe ikikaa sawa, ukiendelea kugonga ya zamani unafikia kikomo cha makosa unafungiwa tena.

Utaratibu wa kufunguliwa ni huu. Uje mwenyewe kwetu wasimamizi wa mfumo na kitambulisho cha kazi, fomu iwe imesainiwa na mkuu wako, usitume mtu na usiombe kwa simu. Msimamizi anahakiki, anatoa amri ya ALTUSER yenye RESUME (ndiyo inayofungua akaunti) kwa jina lako, na kama umesahau paswedi unapewa ya muda ambayo lazima uibadili ukiingia mara ya kwanza. Foleni ikiwa ndefu vumilia. Anayeazima akaunti ya mwenzake ili kazi isilale, wote wawili wanasimamishiwa matumizi na suala linakwenda kwenye nidhamu, aliyeazima na aliyeazimwa.

Kwa maopereta: mashine ikiuliza tarehe ni mwaka na namba ya siku ndani ya mwaka huo. 2025.060 ni Machi 1, lakini 2024.060 ni Februari 29. Soma kabla hujajibu. Ukanda wetu wa saa ni E.03.00.00, yaani mashariki, saa tatu mbele ya UTC. Majaribio ya tarehe yafanyike kwenye mfumo wa pembeni wenye nakala yake ya databesi ya RACF, tena na tepu zake za kuhifadhia data, maana tepu za kweli zikionekana zimeisha muda zinaweza kuandikwa juu, na hapo hatuna amri ya kuzirudisha. Tarehe ikiruka mbele, vyeti vya kidijitali, vile vinavyothibitisha mifumo inapounganishwa, navyo vitaonekana vimeisha muda na kukataliwa, miunganisho ikatike.

Ukigundua kosa kabla watu hawajaanza kuingia, usiwafungulie mlango kwanza. Simamisha, sahihisha, andika saa uliyogundua, ndo utupigie.