Kirusi fiche hakijalala: LMP1 na LMP2A ndani ya seli B

"Epstein-Barr hulala ndani ya seli B." Sentensi hii, inayozungumzia kirusi cha Epstein-Barr (EBV) na seli B, yaani seli nyeupe za damu zinazotokeza kingamwili, imo kwenye vipeperushi, kwenye slaidi za mihadhara, hata kwenye tasnifu za watu wanaosomea virusi. Nimeisoma mara nyingi mno kuendelea kunyamaza, maana inaharibu vipimo, si lugha tu.

Kinachokosekana wakati wa ufiche, yaani kipindi ambacho kirusi hujificha ndani ya seli, ni kitu kimoja: utengenezaji wa virusi vipya. Ndiyo sababu asaikloviri, dawa ya virusi vya jamii hii, haifui dafu hapo. Dawa hiyo hutegemea kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) ya kirusi iibandike fosfeti ya kwanza, kisha huzuia kimeng'enya cha kirusi cha kunakili DNA. Wakati wa ufiche, vyote viwili havipo. Episomu, yaani duara la DNA ya kirusi, hunakiliwa na mitambo ya seli yenyewe, na EBNA1, protini ya kirusi, huifunga kwenye kromosomu isipotee seli inapogawanyika. Hayo yako wazi, tuendelee.

LMP1, protini ya kirusi inayokaa kwenye utando wa seli, ina asidi amino 386, mapito sita ndani ya utando, na mkia wa asidi amino 200 upande wa saitoplazimu. Huiga CD40, kipokezi cha seli B kinachoiamuru iishi na igawanyike. Tofauti ni kwamba CD40 husubiri seli T ije na CD40L, ufunguo wake, wakati LMP1 haimsubiri mtu: mapito yake hushikana yenyewe kwa yenyewe, mikia hukusanyika, na mkusanyiko huo ndio ishara. Ndani ya mkia, eneo la CTAR1 (asidi amino ya 194 hadi ya 232) hunasa protini za kupitisha ishara, TRAF1, 2, 3 na 5, kwa motifu (mfuatano mfupi wa asidi amino) ya PQQAT. Iangalie TRAF3. Kwa kawaida ndiyo inayosababisha kinasi NIK iharibiwe mfululizo. Ikinaswa, NIK hurundikana, na p100 hukatwa kuwa p52, moja ya protini za NF-κB zinazowasha jeni. Eneo la CTAR2 (351 hadi 386) hupitia protini za TRADD, RIP1 na TRAF6: huwasha kinasi IKK yenye NEMO, breki iitwayo IκBα huvunjwa, p65 (NF-κB nyingine) huingia kiinini, na kinasi JNK nayo huwaka. Basi ukifuta CTAR2, ukapima IκBα peke yake na kutangaza kwamba LMP1 yako imekufa, umepima nusu ya kazi. Weka p100/p52 kwenye bloti (kipimo cha protini) ileile.

Kosa la pili ni la kiasi. Katika LCL moja (seli B zilizogeuzwa na EBV maabara zigawanyike bila kikomo), hata iliyotokana na seli moja, kiasi cha LMP1 hutofautiana zaidi ya mara 100 kati ya seli na seli. Zenye kiasi cha kadiri hugawanyika. Zilizojaa husimama, kwa sababu LMP1 nyingi huamsha PERK, kinasi ya kukabili msongo wa seli, eIF2α, protini ya kuanzisha utengenezaji wa protini, hubandikwa fosfeti, na utengenezaji wa protini hushuka. Ukiimwaga LMP1 kwa promota (swichi ya jeni) kali ndani ya HEK293, seli za figo za maabara, unachokisoma huenda ni seli iliyoelemewa, wala si seli B iliyoambukizwa. Na ule mstari kwenye bloti ni wastani ambao pengine hakuna seli hata moja inayoufikia.

Sasa LMP2A, protini nyingine ya kirusi kwenye utando, ambayo ndiyo hasa inayonikera. Kila mchoro huionyesha kama BCR (kipokezi cha seli B cha kutambua antijeni) iliyowashwa. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye maana zaidi kwa kirusi. Mkia wake wa mbele una asidi amino 119. Tairosini za 74 na 85 huunda ITAM, motifu ya kuwasha ishara, inayoshika kinasi Syk, na ya 112 hushika kinasi Lyn. Halafu kuna motifu mbili za PPPPY zinazoita vimeng'enya vya jamii ya Nedd4, na hivyo hubandika yubikwitini, alama ya kuharibiwa, kwenye Lyn na kwenye LMP2A yenyewe ili zikaharibiwe. Yaani protini hiyohiyo huvuta kinasi karibu na papo hapo huipunguza. Matokeo yake ni moto wa makumbi: hautoi miali, hauzimiki. Ndani ya panya wa maabara, moto huo unatosha kuziweka hai seli B ambazo hazina BCR kabisa, seli ambazo kwa kawaida zingekufa. Lakini zishike BCR halisi za LCL kwa kingamwili: kalsiamu haipandi. Futa LMP2A, ushike tena: kalsiamu inapanda, BZLF1 (jeni ya kirusi inayoanzisha uzalianaji) inawaka, na kirusi kinaanza kuzaliana. Kwa nini kirusi kijisumbue hivyo? Kwa sababu ishara kali ya BCR ndiyo inayokitoa mafichoni. Seli za Akata, zilizotokana na uvimbe wa Burkitt (saratani ya seli B), hutumika sana kuamsha kirusi kwa anti-IgG, kingamwili inayoshika BCR, kwa sababu hiyohiyo: ziko kwenye ufiche wa aina ya I, ambao protini ya kirusi ni EBNA1 tu, hazina LMP2A ya kuzuia.

Hapa niseme wazi ambacho vitabu hukipitia haraka. Sehemu kubwa ya haya imetoka kwenye LCL, yaani ufiche wa aina ya III, ambao protini zote za ufiche hutengenezwa, na seli za namna hiyo ni adimu sana katika damu ya mtu mzima mwenye afya. Seli B za kumbukumbu zenye kirusi karibu hazina protini yake yoyote, isipokuwa EBNA1 zinapogawanyika. Kwamba LMP1 na LMP2A huivusha seli kwenye mchujo wa tezi za limfu ni hoja iliyojengwa juu ya RNA ya mafindofindo na panya. Naikubali, lakini ni hoja. Tena LMP2A ikifutwa, LCL bado hupatikana, na maabara zimetofautiana kuhusu ugumu wake.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuzungumzia ishara ni: ufiche wa aina gani? Uvimbe wa Burkitt, ambao seli zake kutoka Uganda ndizo zilizomwonyesha Epstein na wenzake kirusi hiki mwaka 1964, kwa kawaida una protini ya EBNA1 tu. Kinachousukuma ni MYC, jeni ya ukuaji iliyohamishwa kwenye kromosomu nyingine, si LMP1. Seli za Reed-Sternberg, seli za saratani ya limfu ya Hodgkin, zenye EBV ndizo zenye LMP1 na LMP2A, na mara nyingi zimepoteza BCR. Basi kwenye kipande cha uvimbe anza na EBER (RNA ndogo za kirusi), halafu LMP1 kwa kingamwili za CS1-4, halafu EBNA2, protini nyingine ya ufiche wa aina ya III. LMP1 ikitoka hasi na EBER ikatoka chanya, usiandike kwamba kirusi hakipo.