Aliyeshika kisu hakuwa kuhani

Kila ninapoanza kufundisha Mambo ya Walawi, kitabu cha Biblia chenye sheria za sadaka, swali langu la kwanza kwa wanafunzi ni hili: Mwisraeli alipoleta ng'ombe wa sadaka ya kuteketezwa, nani alimchinja? Karibu darasa zima hujibu, "Kuhani." Basi tunafungua sura ya 1, tunasoma mstari wa 5 polepole, na watu wanaanza kutazamana. Aliyechinja ni mwenye ng'ombe.

Yeye ndiye aliyemleta mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, akamwekea mkono kichwani, akachinja. Kumchuna na kumkata vipande ilikuwa juu yake pia, hali kadhalika kuosha matumbo na miguu. Hakuna aliyeomba msamaha huku kajikunjia mikono, akimwachia mtumishi wa Mungu kazi yote. Alirudi nyumbani na harufu ya damu mwilini.

Kuhani alianza pale damu ilipotoka. Wana wa Haruni, yaani makuhani, waliikinga, wakaipeleka madhabahuni na kuirushia pande zake zote. Nasema kuirushia kwa makusudi. Tafsiri zetu husema "kunyunyiza", lakini kitenzi cha Kiebrania hapa ni cha kumwaga kwa kurusha, si kile cha sura ya 4, ya sadaka ya dhambi, ambapo kuhani huchovya kidole na kunyunyiza mara saba mbele ya pazia. Ukivichanganya vitenzi hivi viwili, unapoteza tofauti kati ya sadaka na sadaka.

Kwa nini damu isipelekwe na mwenyewe? Sura ya 17, mstari wa 11, unajibu: uhai wa mwili umo katika damu, na Mungu ameitoa juu ya madhabahu kwa ajili ya upatanisho. Uhai ni wake, na wa kuugusisha na madhabahu yake ni yule tu aliyewekwa wakfu. Neno lenyewe la Kiebrania la sadaka, korbani, limetoka kwenye mzizi wenye maana ya kukaribia. Mzizi huohuo umo katika Kiarabu, na kwa njia hiyo ukatufikia sisi: ndio tunaoutamka mlangoni kila siku, "karibu". Kitenzi cha makuhani kuipeleka damu, katika mstari uleule wa 5, kinatokana nao pia. Kwangu mimi hapo ndipo ukuhani wote ulipo. Kuhani ni mkaribishaji.

Maskini aliyeleta hua au kinda la njiwa hakuchinja. Kuhani mwenyewe alimnyonga ndege shingo palepale madhabahuni, na damu ikachuruzika ubavuni mwa madhabahu. Naona sababu ni kwamba damu ya njiwa ni kidogo mno; ukiikinga, itaishia chomboni.

Makuhani hawakurithi shamba, hivyo walikula madhabahuni. Ngozi ya sadaka ya kuteketezwa ilikuwa yao. Katika sadaka ya amani walipata kidari na paja la kulia. Lakini mafuta ya mnyama yalitangulia kuteketezwa kwa Bwana. Ndiyo maana kosa la Hofni na Finehasi, makuhani wana wa Eli, kule Shilo palipokuwa na hema, lilikuwa zito vile: mtumishi wao alidai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, na kutishia kuichukua kwa nguvu. Walimfanya mwabudu auchukie mlango ambao wao walipaswa kumfungulia.

Wanafunzi hukumbuka damu, ila mimi hupenda tumalizie kwenye majivu, sura ya 6. Asubuhi kuhani huvaa kitani, huyazoa majivu ya usiku kucha na kuyaweka kando ya madhabahu. Kisha huvua mavazi hayo, huvaa mengine, na kuyabeba majivu hadi nje ya kambi, mahali safi. Moto hauruhusiwi kuzimika, kwa hiyo kila asubuhi anaweka kuni.