"Mwanachama maarufu wa fratenati": maana yake katika burudani na habari za Marekani

Fratenati ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume katika vyuo vya Marekani na Kanada, na jina lake kwa kawaida ni herufi mbili au tatu za Kigiriki: Sigma Chi, Omega Psi Phi, Tau Kappa Epsilon. Chama cha wanawake huitwa sororiti. Mtindo wa herufi ulianza na Phi Beta Kappa, iliyoundwa tarehe 5 Desemba 1776 katika Chuo cha William and Mary, Virginia, ingawa chama hicho leo ni cha kuwaenzi waliofaulu vizuri masomoni, hakina nyumba wala sherehe.

Anayeapishwa hubaki mwanachama maisha yake yote. Ndiyo maana wasifu wa mtangazaji mwenye miaka 60 bado hutaja chama alichoingia akiwa na miaka 19, na kila chama hupenda kutoa orodha ya "wanachama maarufu" wake. Orodha hizo husomwa kama ushahidi kwamba chama ndicho kilichomtengeneza nyota. Mara nyingi si hivyo, na ili kujua jina fulani limefikaje pale, lazima ujue kwanza mtu huingiaje.

Kila fratenati ina makao makuu ya kitaifa na matawi vyuoni. Katika vyama vingi tawi la kwanza huitwa Alpha, la pili Beta, na kadhalika mpaka herufi 24 ziishe. Hapo huanza kuunganishwa mbili mbili. Kwenye fratenati za kawaida, zile za kijamii, mlango wa kwanza ni wiki ya kutembelea nyumba mwanzoni mwa muhula. Mgeni huzunguka nyumba kadhaa, wenyeji wanamtazama, usiku wanapiga kura. Akikubalika hupewa mwaliko rasmi. Akiupokea anakuwa mwanagenzi, kipindi ambacho kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8: anajifunza historia ya chama, majina ya waasisi na kanuni, analipa ada, na alama zake zinaangaliwa. Mwisho kuna kuapishwa, na mambo ya siku hiyo hayasemwi nje. Aliyepitia jando anaelewa mpangilio huu bila kuelezwa sana: kuna wakubwa wanaofundisha, kuna siri, na kuna siku ya kutolewa hadharani.

Kati ya mwaliko na kiapo ndipo orodha nyingi huharibika. Mwigizaji James Dean alikuwa mwanagenzi wa Sigma Nu akiwa UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, lakini hakuapishwa. Kwa kanuni za chama chochote huyo si mwanachama, na bado jina lake linazunguka kwenye orodha za Sigma Nu. Harrison Ford, kwa upande mwingine, ni wa Sigma Nu kweli, wa Chuo cha Ripon, Wisconsin. Ambacho hakukipata ni shahada, kwa kuwa aliondoka kabla ya kuhitimu. Brad Pitt aliingia Sigma Chi katika Chuo Kikuu cha Missouri, akasoma uandishi wa habari, akaondoka zikiwa zimebaki wiki mbili tu amalize. Uanachama ni kitu kimoja, cheti cha chuo ni kingine.

Kuna pia mlango wa heshima. Mwaka 1960 tawi la Tau Kappa Epsilon la Chuo cha Arkansas State lilimfanya Elvis Presley kuwa mwanachama, wakati kijana huyo alikuwa ameishia sekondari Memphis na hakuwahi kukaa darasa la chuo. Mwimbaji Aretha Franklin alikuwa wa sororiti ya Delta Sigma Theta kwa heshima, na mwimbaji Ella Fitzgerald vivyo hivyo kwa sororiti ya Alpha Kappa Alpha. Hapa mambo yamegeuka: umaarufu ulitangulia, uanachama ukafuata. Anayeweka majina haya kwenye orodha moja na ya waliolala bwenini na kusafisha nyumba ya chama anachanganya mambo mawili yasiyofanana.

Mlango wa tatu hutumika zaidi na vyama tisa vya Wamarekani Weusi, ambavyo vina baraza lao la kitaifa lililoundwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930. Vina matawi ya wahitimu, ya watu wazima wenye kazi zao, na mtu anaweza kuingia kupitia huko. Katika vyama hivi mwanachama wa miaka 45 anayekwenda kikao cha tawi kila mwezi ni jambo la kawaida kabisa. Hattie McDaniel, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar mwaka 1940, alikuwa wa sororiti ya Sigma Gamma Rho.

Vyama hivi tisa ndivyo vinavyofaa kuangaliwa kwa makini kama unataka kujua udugu wa chuo unavyogusana na burudani. Cha kwanza, Alpha Phi Alpha, kilizaliwa tarehe 4 Desemba 1906 katika Chuo Kikuu cha Cornell, New York, mahali ambapo wanafunzi Weusi hawakuwa na nafasi katika maisha ya kijamii ya wenzao. Kappa Alpha Psi na Omega Psi Phi vilifuata mwaka 1911, kimoja Indiana, kingine Howard. Phi Beta Sigma ni ya 1914. Kwa kuwa vilikuwa vichache na wanachama wake walikuwa wachache, watu walijuana kutoka mji hadi mji, na msanii aliyesafiri wakati hoteli nyingi zilikuwa hazipokei Weusi alikuwa na ndugu wa kumfikia.

Chukua Tuskegee, Alabama, mwishoni mwa miaka ya 1960. Pale walisoma Lionel Richie, wa Alpha Phi Alpha, na Tom Joyner, wa Omega Psi Phi. Bendi ya Commodores ilianzia chuoni hapo, na Joyner aliimba nayo kwa muda mfupi kabla ya kugeukia redio. Baadaye akawa maarufu kwa kutangaza kipindi cha asubuhi Dallas na cha jioni Chicago siku hiyo hiyo, akisafiri kwa ndege kila siku ya kazi; mwaka 1994 akaanzisha kipindi cha asubuhi kilichorushwa kwenye vituo vingi nchini hadi 2019. Vyama viwili hivyo ni watani wa jadi. Kilichowakutanisha hawa wawili ni chuo, si herufi.

Kitu ambacho fratenati na sororiti za Weusi zimeipa burudani moja kwa moja, bila ubishi, ni stepu. Huu ni mchezo wa kikundi usiohitaji ala: miguu hupigwa sakafuni, viganja hukutana mbele ya kifua, kisha kimoja hupita chini ya paja lililoinuliwa kukutana na mwenzake, huku wote wakiitikia maneno ya kiongozi. Kappa Alpha Psi hutumia fimbo, wakizizungusha na kuzigonga chini kwa mapigo. Ugumu uko kwenye kimya. Mtu mmoja akigonga nusu pigo baada ya wenzake, ukumbi mzima unasikia, kwa kuwa hakuna ngoma ya kumfunika. Zulia huua stepu. Jukwaa la mbao na viatu vya soli ngumu ndivyo vinavyotoa mlio. Mwaka 1994 C. Brian Williams, mhitimu wa Howard na mwanachama wa Alpha Phi Alpha, alianzisha kundi la Step Afrika! baada ya kukutana na wachezaji wa Soweto, Afrika Kusini, na kuona jinsi stepu inavyofanana na ngoma ya mabuti ya wachimba migodi. Kundi hilo linaishi kwa kazi hiyo hadi leo.

Umbo hili limeenea hadi kuwapotosha watu. Beyoncé alipopanda jukwaa la tamasha la muziki la Coachella mwaka 2018 akiwa na bendi ya matarumbeta, wacheza stepu na sweta ya kofia yenye herufi za Kigiriki, wengi walianza kuuliza ni wa sororiti ipi. Herufi zile, Beta Delta Kappa, zilitungwa kwa ajili ya onyesho.

Kwa upande wa fratenati za kijamii zenye asili ya Wazungu, mchango wa moja kwa moja ni wa aina nyingine: ucheshi. Filamu ya Animal House ya 1978 iliandikwa kwa sehemu na Chris Miller kutokana na maisha yake katika tawi la Alpha Delta Phi, Chuo cha Dartmouth, akishirikiana na Harold Ramis, aliyekuwa wa Zeta Beta Tau huko St. Louis, na Doug Kenney. Sherehe za kuvaa shuka kama Warumi, zinazoonekana kwenye filamu hiyo, zikaenea vyuo vingi. Nyumba ile ya Dartmouth yenyewe chuo kiliacha kuitambua rasmi mwaka 2015, baada ya wanachama wapya kupigwa chapa mwilini. Sinema ilicheka, chuo hakikucheka.

Wengine walitumia chuo kwa mambo mengine kabisa. Mtangazaji wa televisheni David Letterman alikuwa wa Sigma Chi katika Ball State, Indiana, lakini kazi aliifundishwa na idara ya redio na televisheni na kituo cha redio cha chuo, alikofukuzwa kwa kuufanyia mzaha muziki wa klasiki. Ronald Reagan, rais wa baadaye wa Marekani na wa Tau Kappa Epsilon, alimaliza Chuo cha Eureka mwaka 1932 na kuingia redio. Akiwa Des Moines alikuwa akipokea matokeo ya besiboli ya Chicago Cubs kwa telegrafu, maneno mawili matatu kwa kila mpira, na kuyageuza kuwa matangazo kana kwamba yuko uwanjani. Ufundi huo hakuna fratenati inayoufundisha. Vyama vinavyofundisha taaluma vipo, lakini ni tabaka lingine: Sigma Delta Chi cha waandishi wa habari kilianza mwaka 1909 katika Chuo cha DePauw, na leo ndicho Jumuiya ya Waandishi wa Habari wa Kitaaluma ya Marekani, iliyoanza kupokea wanawake mwaka 1969.

Kwa Afrika, jina la kukumbuka ni Nnamdi Azikiwe. Watu humtaja kama rais wa kwanza wa Nigeria na kusahau kwamba alikuwa mtu wa magazeti. Alisoma Howard na Lincoln, akawa wa Phi Beta Sigma, akahariri gazeti Accra, kisha mwaka 1937 akaanzisha West African Pilot mjini Lagos. Usimchanganye na vyama vya siri vya vyuo vya Nigeria, ambavyo mzizi wake ni chama cha Pyrates kilichoundwa Ibadan mwaka 1952 na Wole Soyinka na wenzake sita. Huo ni ukoo mwingine.

Upande wa giza upo, na hauhusu kupigwa chapa peke yake. Wanagenzi wamekufa kwa pombe ya kulazimishwa na kwa vipigo, na mwaka 1990 vyama vya Weusi viliamua kwa pamoja kufuta kipindi cha uanagenzi na kuweka mchakato mfupi unaosimamiwa. Sehemu ya desturi ilijificha badala ya kufa. Kwa hiyo nyota anayesimulia kwa kicheko "nilivyovuka", yaani alivyomaliza uanagenzi na kuapishwa, enzi zake anaweza kuwa anasimulia jambo ambalo leo ni kosa la jinai katika majimbo mengi.

Ukitaka kuthibitisha jina, tafuta vitu vitatu kwa pamoja: chuo, tawi, na mwaka wa kuapishwa. Jina lenye chama bila tawi ni la kutiliwa shaka. Kitabu cha picha cha mwaka cha chuo husaidia sana, kwa kuwa kilichapwa kabla mtu hajawa nyota na hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Jarida la chama, kama The Sphinx la Alpha Phi Alpha, huonyesha pia nani ni wa heshima. Angalia tahajia mara mbili. Alpha Phi ni sororiti ya 1872, Alpha Phi Alpha ni fratenati ya 1906. Ted Turner, mwanzilishi wa CNN, alikuwa wa Kappa Sigma, Robert L. Johnson, mwanzilishi wa BET, kituo cha televisheni cha Wamarekani Weusi, ni wa Kappa Alpha Psi. Vituo vyote viwili vilianza mwaka 1980, vyama vyote viwili vinaanza na Kappa, na kosa la kuvibadilisha ni rahisi kulifanya.