Faiba inayotunza polaraizesheni si kihisi kisichojali polaraizesheni

Imekuwa kawaida, katika maelezo ya vifaa na hata katika ripoti za wahandisi, kusoma kwamba kihisi fulani hakiathiriwi na polaraizesheni kwa kuwa kimetengenezwa kwa faiba (uzi mwembamba wa kioo unaopitisha nuru) inayotunza polaraizesheni. Sababu hiyo haizai matokeo hayo, na mara nyingine huzaa kinyume chake.

Polaraizesheni ni mwelekeo ambao uga wa umeme wa nuru hutikisikia. Kihisi kisichojali polaraizesheni ni kile ambacho kipimo chake hubaki vilevile hata mwelekeo huo ukibadilika njiani. Kwa upande wa maana, hayo yanatosha.

Faiba ya kawaida ya modi moja, yaani yenye kiini chembamba kinachoipa nuru njia moja tu, ikikunjwa, ikibanwa au ikipata joto, hubadilisha polaraizesheni ya nuru iliyomo. Intaferomita, ambayo kazi yake ni kulinganisha miale miwili iliyopitia mikono tofauti, huumizwa sana na jambo hilo: miale hiyo ikirudi huku mitikisiko yake imekaa pembemraba, mwingiliano hufifia hadi kutoweka, ingawa nuru yenyewe bado ipo tele.

Sasa tuitazame faiba ya kutunza. Ile ya aina ya panda ina vijiti viwili vya kioo cha namna nyingine vinavyokivuta kiini kutoka pande mbili, na hivyo huwa na mihimili miwili, mmoja wa kasi na mwingine wa taratibu. Hutunza kwa sharti moja tu, kwamba nuru iingie ikiwa imelingana na mmojawapo wa mihimili hiyo. Ikiingia kwa digrii 45 hugawanyika nusu kwa nusu, na hali yake hupitia mzunguko mzima kila baada ya milimita chache, kiasi kwamba joto la kiganja cha mkono linatosha kubadilisha polaraizesheni inayotoka upande wa pili. Faiba yenye masharti makali namna hiyo haiwezi kuitwa isiyojali. (Kasoro hiyohiyo, ajabu, ni tiba kwingineko: vipande viwili vya faiba hii, kimoja kirefu mara mbili ya kingine, vikiungwa kwa digrii 45, huivuruga polaraizesheni ya nuru ya bendi pana, yaani yenye urefu wa mawimbi mbalimbali, hadi isibaki na mwelekeo wowote. Jairoskopu za faiba, yaani vifaa vya kupima mzunguko, hunufaika na mbinu hiyo, iitwayo ya Lyot.)

Mwaka 1989 mtafiti Mario Martinelli alionyesha njia tofauti kabisa. Mwishoni mwa faiba ya kawaida huwekwa kioo cha Faraday, yaani kioo cha kuakisi chenye kizungushi cha sumaku mbele yake, ambacho huzungusha polaraizesheni digrii 45 nuru ikienda na digrii 45 nyingine ikirudi, bila kutengua mzunguko wa kwanza. Nuru hurudi ikiwa pembemraba na ilivyokwenda, faiba iwe imekunjwa au imenyooka, mradi isibadilike katika muda wa safari hiyo, ambao kwa mkono wa mita 100 ni takribani mikrosekunde 1. Mikono yote miwili ya intaferomita ya Michelson, ambayo nuru huenda na kurudi katika kila mkono, ikiwekewa vioo hivyo, miale hukutana ikiwa na polaraizesheni moja. Ndani ya mikono hakuna kilichotunzwa. Polaraizesheni inatangatanga kama zamani, ila kipimo hakisumbuki.

Kwa hiyo sifa ya kutojali ingeandikwa kwa haki zaidi kwenye kipimo kizima kuliko kwenye faiba, tena pamoja na urefu wa wimbi, maana kioo cha Faraday kilichotengenezwa kwa nanomita 1550 hakizungushi digrii 45 kikipewa nuru ya nanomita 1310.