Asumini haichemshwi

Ukikeneka asumini kwa mvuke kama karafuu au mchaichai, utapata maji yanayonuka majani yaliyopikwa. Joto huiharibu harufu yake. Lakini ua hili, tofauti na waridi, huendelea kutengeneza harufu saa nyingi baada ya kuchumwa. Washona vikuba wa pwani wanalijua hilo: tumba lililochumwa alasiri likiwa limefumba hufunguka usiku kichwani. Kwa hiyo njia ya zamani ya Grasse, Ufaransa, iitwayo anfleraji, inalifaa sana: ua hulazwa juu ya mafuta yaliyoganda, nayo yakanywa harufu.

Kazi yote iko kwenye mafuta, na hapo ndipo Moshi na Arusha zinapoachana. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu nyuzi 24. Arusha, Juni na Julai, yanakaa yameganda kabatini. Moshi, Januari, yatakuwa maji kabla ya adhuhuri na maua yazame. Kwa Moshi changanya sehemu mbili za nazi na moja ya shahamu ya ng'ombe. Joto likizidi, nusu kwa nusu. Nazi iwe iliyosafishwa, isiyo na harufu. Ya kukamua nyumbani ni nzuri kwenye nywele, ila hapa itaifunika asumini. Shahamu iyeyushe kwenye maji yenye chumvi kidogo, iache igande, ukwangue uchafu wa chini. Rudia mara tatu au zaidi, mpaka isinuke nyama kabisa.

Bonyeza kwa kidole: kibaki kishimo kidogo na kidole kitoke kikavu. Mafuta magumu hayanywi harufu. Yaliyolainika mno hung'ang'ania petali, kisha kila siku unayatupa pamoja na maua.

Trei ya kioo ya sentimita 20 kwa 30 inachukua gramu 275 hivi kwa unene wa milimita 5. Chora mistari kwa uma. Chuma matumba meupe yaliyonenepa, makavu. Ya baada ya mvua yaache mtini, maana tone la maji huleta ukungu. Ng'oa kikonyo cha kijani, laza maua kifudifudi, funika. Baada ya saa 24 yatoe yote. Ukiyaacha yakawa kahawia, uchachu wake unaingia kwenye mafuta na hautoki tena. Weka mapya, hivyo hivyo mara 30 hivi. Grasse walifika 36.

Mafuta hayo, sasa pomadi, tia kwenye chupa na ethanoli ya asilimia 95 kwa uzito sawa, ukitikisa kila siku kwa wiki. Pombe kali ya dukani haifai, zaidi ya nusu yake ni maji. Laza chupa kwenye friza usiku kucha, uchuje ingali baridi. Usipofanya hivyo, mafuta ya nazi yatapita na manukato yatachacha. Acha ethanoli iondoke yenyewe kwenye bakuli pana, penye hewa, mbali na jiko: mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya Arusha.

Kinachobaki ni kidogo mno. Viwandani, tani nzima ya maua hutoa absoluti, yaani manukato safi yanayobaki ethanoli ikishaondoka, ya kilo moja au moja na nusu hivi, kwa hiyo chupa ya bei ya chee iliyoandikwa "asumini safi" mimi siiamini. Yako ikinuka kama dawa ya nondo usiimwage. Ni indoli, kemikali iliyomo ndani ya ua lenyewe. Ipunguze kwa ethanoli mpaka asilimia moja, ndipo ua lirudi.