Je, wajua kwa nini unaweza kukata x kienyeji na jibu bado likalingana na la simu?

Mpwa wangu yuko fomu two, juzi kanitumia picha ya daftari lake na vikatuni vya kucheka juu, swali ni kurahisisha (x² − 9)/(x − 3), yeye kapata x + 3, kaskani swali na Photomath, ile app ya simu ya kufanya hesabu, nayo ikampa x + 3, kwa hiyo anko, ananiambia, hii topiki mi nishaimaliza. Nikamwambia hebu nionyeshe ulivyofika hapo. Bwana wee! Kachukua x² ya juu kakata na x ya chini ikabaki x, 9 kakata na 3 ikabaki 3, halafu alama, "minus kwa minus ni plus". Basi, x + 3. Jibu ni lenyewe kabisa na njia yote ni uongo mtupu.

Mambo kama haya yapo hata kwenye namba za kawaida. Chukua 16/64, futa 6 ya juu na 6 ya chini, inabaki 1/4, na kweli ni robo. 19/95 nayo ukifuta 9 unapata 1/5, sahihi. Ila jaribu 13/34, futa zile 3, unapata 1/4 wakati sehemu yenyewe inazidi hata theluthi. Yaani ni bahati tu, na bahati ya mpwa wangu inaishia kwenye (x² + 9)/(x + 3), maana kwa staili yake hii nayo ni x + 3. Weka x iwe 1: juu 10, chini 4, unapata 2.5, wakati x + 3 ni 4. Hiyo ukiipa simu inakurudishia kama ilivyo, hakuna cha kukata hapo.

Shida iko kwenye hilo neno "kukata", linatudanganya tunadhani ni kufuta vinavyofanana. Kukata ni kugawanya juu yote na chini yote kwa kitu kilekile. Mkiwa watatu mna elfu sita na elfu tatu za kugawana, huwezi kuigawa ile elfu sita halafu elfu tatu ukaiacha nzima useme kila mtu ana elfu tano, mtapigana. Ndo maana vilivyojumlishwa au kutolewa havikatwi kimojakimoja, vinavyokatwa ni vilivyozidishana. x² − 9 ni (x − 3)(x + 3), sasa hapo juu kuna kuzidisha, na x − 3 inaondoka nzima nzima na mwenzake wa chini.

Sasa mashine inajuaje cha kukata? Watu wengi wanadhani inahangaika kufaktaraizi kama sisi, kutafuta namba mbili ukizidisha unapata hivi ukijumlisha unapata vile. Mara nyingi haina haja, programu za aljebra zinatafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani kikubwa kinachogawanya juu na chini bila baki), ileile KKS ya shule ya msingi, kwa mbinu ya Euclid, Mgiriki aliyeishi kama miaka 2300 iliyopita: toa kidogo kwenye kikubwa, rudia mpaka viishe. Chukua (x² − 5x + 6)/(x² − 9). Toa ya juu kwenye ya chini, x² zinaondoka, inabaki 5x − 15, ambayo ni 5 mara (x − 3). Na x − 3 inazigawanya zote mbili bila baki! Hatua moja tu. Jibu ni (x − 2)/(x + 3). Huamini? Weka 10: juu 56, chini 91, gawanya zote kwa 7 unapata 8/13, na 7 ni 10 − 3 yenyewe.

Hilo la kuweka 10 ndo silaha yangu, maana chumba cha mtihani simu haiingii.

Kingine, ukichapa mwenyewe kwenye WolframAlpha au kikokotozi chochote cha mtandaoni, weka mabano jamani. Kwenye daftari ule mstari mrefu wa sehemu unafanya kazi ya mabano, kwenye kibodi haupo. Ukiandika x^2-9/x-3 mashine inasoma x², toa 9/x, toa 3. Ukiweka 10 hapo unapata 96.1 badala ya 13, halafu unailaumu programu wakati imefanya ulichoiambia. Andika (x^2-9)/(x-3).

Na hata x + 3 ile ya kwanza ina kasoro ndogo, mara nyingi simu inakupa jibu kavu bila kuitaja. x ikiwa 3, swali la asili linakuwa 0/0, halina thamani, ila x + 3 inakupa 6 bila wasiwasi. Kwa hiyo viwili hivi vinalingana kila mahali isipokuwa pale kwenye 3, na mwalimu makini anataka uandike x ≠ 3 pembeni.

Mpwa nimemtumia (x² − 8)/(x − 2), nikamwambia asiguse simu. Tiki mbili za bluu tangu jana jioni.