Kabla ya Ezekieli 38, soma Yeremia 34

Juni 2025, Israel na Iran zilipokuwa zikirushiana makombora kwa siku 12, simu yangu haikutulia. "Bwana asifiwe Mwalimu, hii ndiyo Ezekieli 38?" Yaani ile sura ya Gogu na majeshi ya mataifa, Uajemi wakiwemo, wanaokuja kuivamia Israeli. Waliniandikia kutoka Igoma, Buzuruga, Sengerema. Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba alinipigia kabisa. Alitaka kujua kama aagize mzigo wa mwezi ujao au aache biashara aingie kwenye maombi ya kufunga. Nilimwambia, "Mama, agiza dagaa, na maombi uombe."

Kazi yangu ni kufundisha Agano la Kale na Kiebrania kwa wachungaji wa hapa Mwanza, kwa hiyo maswali haya ndiyo ugali wangu. Sina ugomvi na Ezekieli. Ninachogombana nacho ni namna tunavyopanga usomaji wetu: tunayaruka maandiko yanayoeleza agano ni kitu gani, tunakimbilia yale tunayodhani yametaja nchi zilizo kwenye taarifa ya habari. Mwisho wake agano linahubiriwa kama kinga, kwamba aliyenalo haulizwi kitu. Maandiko ya Kiebrania yanasema kinyume. Aliye ndani ya agano ndiye anayeulizwa wa kwanza, tena kwa ukali kuliko jirani yake asiyelijua.

Maagano hayakuanzia Sinai. Wafalme wa zama zile waliyafunga kila siku, na maandishi yao tunayo. Mwaka 1906 wataalamu walianza kufukua Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, katika Uturuki ya leo, wakakuta maelfu ya mabamba ya udongo, na kati yake mikataba. Mkataba wa Kihiti una mwendo wake. Mfalme mkuu anajitaja, anasimulia mema aliyomtendea mfalme mdogo, ndipo anataja masharti, anaita mashahidi, anatamka baraka na laana, na nakala inawekwa hekaluni. Sasa soma Kutoka 20: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri." Wema umesimuliwa kwanza, amri zinafuata. Waashuru nao walikuwa na yao. Mwaka 672 kabla ya Kristo mfalme Esarhaddon aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake wamtii mwanawe Ashurbanipal, na miongoni mwa laana za kiapo hicho imo ya nchi kuwa chuma na mbingu kuwa shaba, mvua isinyeshe. Msomaji wa Kumbukumbu la Torati 28:23 hatahitaji kuelezwa zaidi.

Katika mkataba mmoja wa karne ya 8 kabla ya Kristo, Ashuru ilimfunga mfalme Mati'ilu wa Arpadi kwa kumchinja mwana-kondoo mbele yake. Maneno ya kiapo yanaeleza kwamba kichwa kile si cha mwana-kondoo, ni cha Mati'ilu, na cha wanawe na wakuu wake. Akivunja, na kichwa chake kitakatwa vilevile.

Ukiwa na picha hiyo, Mwanzo 15 inafunguka. Ndama wa miaka mitatu, mbuzi wa miaka mitatu, kondoo dume wa miaka mitatu, vyote vimepasuliwa vipande viwili, kila kipande kimeelekezwa kwa mwenzake. Ndege wa mizoga wanashuka, Abramu anawafukuza. Jua linakuchwa, anashikwa na usingizi mzito, halafu tanuru ifukayo moshi na mwenge wa moto vinapita kati ya vile vipande. Wazee wa Kanda ya Ziwa huielewa sura hii haraka kuliko wanafunzi wangu wenye stashahada, kwa sababu wamesikia habari za udugu wa kuchanjiana: watu wawili wanaonjana damu, na maneno yanayotamkwa pale ni ya kutisha kwa anayekuja kumgeuka mwenzake. Tofauti ya Mwanzo 15 ni kwamba Abramu hapiti. Anayepita ni Mungu peke yake, laana anaibeba yeye. Ndiyo maana Paulo anathubutu kuandika katika Warumi 11 kwamba karama za Mungu na mwito wake havina majuto. Mimi nakubaliana naye, na wanaofundisha kwamba Mungu amewafuta Wayahudi wana kazi kubwa na sura hiyo.

Lakini kule Sinai watu nao waliapa. "Hayo yote aliyoyanena BWANA tutayatenda, nasi tutatii." Damu ikanyunyizwa juu yao. Hapo ndipo Amosi anapopata ujasiri wa kusema: "Ni ninyi tu niliowajua mimi katika jamaa zote zilizo duniani, kwa sababu hiyo nitawapatiliza maovu yenu yote." Wengi wetu tungeandika "kwa sababu hiyo nitawafumbia macho."

Sasa Yeremia 34. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, ameizingira Yerusalemu. Katika miji yenye boma ya Yuda imebaki Lakishi na Azeka tu, ndivyo inavyosema aya ya 7. Mwaka 1935 vilifukuliwa kule Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino, barua za askari wa siku hizohizo, na katika kimoja mwandishi anasema wanaangalia ishara za moto za Lakishi, kwa kuwa Azeka hawaioni. Hatujui kama Azeka ilikuwa imeshaanguka siku anaandika. Ila unausikia woga.

Katika woga huo mfalme Sedekia anafunga agano na watu wote wa Yerusalemu. Kila mtu amwache huru mtumwa wake Mwebrania, mwanamume kwa mwanamke. Torati ilikuwa imeshaagiza hivyo, kwamba mwaka wa saba mtumwa aende zake, ila hakuna aliyekuwa akijali. Sasa wanajali. Wanaingia Hekaluni, wanapasua ndama, wakuu na makuhani na watu wa nchi wanapita kati ya vipande. Watumwa wanatoka.

Halafu habari zinakuja kwamba jeshi la Farao limetoka Misri. Wakaldayo, yaani Wababeli, wanaondoka Yerusalemu kwenda kukabiliana nalo. Hatari imepita, au wanadhani imepita. Na wale mabwana wanafanya nini? Wanawarudisha watumwa wao. Msaidizi wa ndani aliyekuwa ameshafunga kifurushi chake anaitwa arudi jikoni.

Jibu la Mungu ni kali kiasi kwamba huwa nasita kulisoma mbele ya watoto. Hamkuwatangazia ndugu zenu uhuru. Basi mimi nawatangazia ninyi uhuru, kwenda kwa upanga, kwa tauni na kwa njaa. Waliopita kati ya vipande vya ndama watafanywa kama yule ndama, maiti zao chakula cha ndege. Na Wakaldayo waliokwenda? Nitawarudisha, asema. Mwaka 586 mji ukateketezwa. Angalia vizuri nani anahukumiwa hapa. Hawakuabudu sanamu katika sura hii, wala hawakuacha sadaka. Walitia saini wakiwa wamebanwa, wakafuta saini walipopumua.

Mimi nikifuatilia habari za dunia, sura inayonijia ni hii, Ezekieli 38 haiji. Januari 19, 2025 mapigano yalisitishwa Gaza, mateka na wafungwa wakaanza kubadilishwa. Machi 18 mashambulizi ya Israel yakarudi kwa nguvu. Oktoba 10 yakasitishwa tena. Na huku kwetu Maziwa Makuu ni hayohayo. Goma, mashariki ya Kongo, ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington, na Desemba 4 marais wao wenyewe, Tshisekedi na Kagame, wakasimama hukohuko wakatia saini tena. Haikupita wiki mbili Uvira, mji wa mwambao wa Tanganyika, ukawa mikononi mwa M23. Kila upande una maelezo yake kuhusu nani alianza, na M23 hawakuwa mezani Washington, wao mazungumzo yao yalikuwa Doha. Yeremia hakuandika kuhusu Gaza wala Uvira, na mhubiri atakayesema aliandika anadanganya. Alichoandika ni jinsi Mungu anavyomtazama mtu aliyeapa akiwa na hofu, hofu ikamtoka.

Wengine mtaniambia: "Mwalimu, lakini Mwanzo 12:3!" Nami nitawabariki wakubarikio, naye akulaaniye nitamlaani. Naijua. Imebandikwa kwenye vioo vya daladala. Tatizo ni kwamba tumeisoma kana kwamba Maandiko yenyewe hayajatuonyesha inavyofanya kazi, na yametuonyesha katika 2 Samweli 21, sura ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa kwenye mkutano wa injili uwanjani Furahisha.

Kisa kinaanzia Yoshua 9. Wagibeoni, wenyeji wa Kanaani, wanamdanganya Yoshua kwa mikate yenye ukungu, viriba vilivyochakaa na viatu vilivyotiwa viraka, wajifanye wametoka mbali. Wakuu wa Israeli wanawaapia. Siku ya tatu uongo unajulikana, na kiapo hakivunjwi. Wanakuwa wapasua kuni na wachota maji, maisha ya chini, lakini hawauawi. Sura inayofuata wafalme watano wanaishambulia Gibeoni, Yoshua anapanda usiku kucha kwenda kuwaokoa, na siku hiyo ndipo jua linaposimama. Wote tunahubiri jua. Ni nadra kusikia likitajwa kwamba lilisimama Israeli wakiwa wanatimiza kiapo kwa Wakanaani waliowalaghai.

Miaka mingi baadaye, Daudi akiwa mfalme, njaa inaipiga nchi miaka mitatu mfululizo. Anamuuliza Bwana. Jibu: ni kwa sababu ya Sauli na nyumba yake yenye damu, kwa kuwa aliwaua Wagibeoni. Na Maandiko yanaongeza sababu ya Sauli: alifanya hivyo kwa bidii yake kwa ajili ya wana wa Israeli na Yuda. Alikuwa mzalendo. Ndipo Daudi anawaita Wagibeoni waliobaki na kuwauliza awafanyie nini, afanye upatanisho kwa kitu gani, "mpate kuubariki urithi wa BWANA."

Rudia maneno hayo ya mwisho taratibu. Wanaotakiwa kuibariki Israeli ni wale ambao ndugu zao waliuawa na mfalme wa Israeli. Baraka ya Mwanzo 12 imekwama, na imekwama mlangoni kwa wachota maji. (Namna jambo lilivyomalizwa, wana na wajukuu saba wa Sauli kutundikwa na Rispa, suria wa Sauli, kukaa juu ya mwamba akifukuza ndege kwenye maiti za wanawe, siipendi hata kidogo. Sidhani kama msimulizi anataka tuipende. Kuombeka kwa Mungu kunakoandikwa mwishoni hakutokei mpaka mifupa imezikwa kwa heshima.) Gibeoni yenyewe inajulikana ilipo. Ni kijiji cha el-Jib, kaskazini-magharibi ya Yerusalemu, katika Ukingo wa Magharibi. James Pritchard alichimba pale kuanzia 1956 akakuta vipini vya mitungi vyenye jina la mji, na shimo kubwa la maji lililochongwa mwambani lenye ngazi za kuteremkia. Wanaokaa hapo leo ni Wapalestina.

Kuhusu ardhi nina maneno machache tu. Kumbukumbu 2 inasema Mungu aliwapa Edomu, Moabu na Amoni nchi zao, na Israeli akaonywa asizisogelee, na Amosi 9:7 inaweka kutoka kwa Wafilisti Kaftori kwenye mstari mmoja na kutoka kwa Israeli Misri, huku Wakushi, yaani Waafrika, wakitajwa wa kwanza. Na ziwa letu hili nalo limo katika historia hiyo. Mwaka 1903 Uingereza iliwapendekezea viongozi wa Kizayuni, waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi yao, makao katika nyanda za Uasin Gishu, mashariki ya Ziwa Viktoria, Kenya ya leo. Theodor Herzl, kiongozi wao, aliipeleka hoja kwenye mkutano wa Basel, watu wakalia machozi ukumbini, na mwaka 1905 ikakataliwa, kwa kuwa kwa wengi wao hakuna nchi nyingine iliyoweza kushika nafasi ya ile ya Abrahamu. Hilo naliheshimu. Ila hakuna aliyewauliza Wanandi, ambao miaka hiyohiyo walikuwa wakipigana na Waingereza kwa ajili ya milima yao.

Kwa hiyo, Gogu? Mesheki na Tubali wanajulikana katika kumbukumbu za Waashuru kama watu wa Anatolia. Moscow, ambayo wengine huisikia katika jina Mesheki, haimo. Zaidi ya hapo sina la kumwambia mtu kuhusu lini.

Mchungaji mmoja aliyesoma kwangu aliniuliza kama ni sawa kuweka bendera ya Israel madhabahuni. Oktoba 7, 2023 vijana wetu wawili wa Kitanzania, waliokwenda kule kujifunza kilimo, waliuawa katika shambulio la Hamas, na kanisa lake lilitaka kuonyesha limeumia. Nilimwambia sina sheria ya kumkataza. Nikamwomba tu kwamba Jumapili atakayoipandisha, somo la kwanza liwe Amosi 2, kuanzia aya ya 6, pale wanapouzwa wenye haki kwa fedha na maskini kwa jozi ya viatu, na wauzaji ni Israeli. Alisoma. Wazee wa kanisa wamemwita kwenye kikao Jumamosi hii, na ameniomba niende naye.